Mgomba Tuliopeleka Kitale

Baadhi yenu mlituona mjini Kitale, mimi na shangazi yangu, Senge Nasimiyu, tukishuka kwenye pikapu ya mahindi na gogo la mgomba lililofungwa kwa leso. Mkaniandikia kwenye grupu yetu ya shule mkiuliza kama nimeacha kazi ya ndege nikaingia biashara ya ndizi. Nilisema nitawaeleza nikirudi. Sasa nimerudi, nimelala vya kutosha, na nadhani ninaweza kuyaandika yote bila kusimama katikati. Kuna mahali mtacheka, nami siwakatazi, ila safari yenyewe haikuwa ya kicheko.

Kwanza lazima mjue kazi yangu, maana nyote mnadhani nakaa kwenye mnara wa vioo nikitazama ndege zikitua. Mimi nakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, kwenye kisiwa ambacho sitakitaja kwa sababu uchunguzi haujaisha. Eneo langu ni bahari tupu, kubwa mara nyingi kuliko Kenya. Rada haifiki huko. Ndege kubwa za siku hizi hujitaja zenyewe kwa setilaiti, lakini zile ndogo kuukuu naongea nazo kwa redio ya masafa marefu, yenye mikwaruzo ya kuchosha masikio. Juu ya ramani kuna vituo, yaani majina tu yaliyowekwa juu ya maji. Rubani akipita kituo kimoja ananiambia amepita wapi, saa ngapi, yuko juu kiasi gani, na kituo kinachofuata anatarajia kukifikia saa ngapi. Kwa maneno hayo matupu ndiyo naziachanisha, hii mbele, hii nyuma, hii juu ya nyingine. Siioni hata moja.

Kulikuwa na rubani mmoja wa ndege ndogo ya mizigo, nitamwita Mwangi. Siku moja, baada ya kutoa taarifa yake kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, aliongeza kwa Kiswahili kwamba mtu anayetamka r mahali pa l namna yangu lazima awe wa Bungoma. Yeye alikuwa wa Kitale. Tangu hapo kila akimaliza taarifa alisema, "Haya, jirani," nami nikamjibu hivyo hivyo. Utaratibu haupendi mambo hayo, lakini bahari ni ndefu. Hatukuwahi kuonana.

Kisha siku moja alipita kituo, akanitajia saa ya kituo kinachofuata, na saa hiyo ikafika akiwa kimya. Nilimwita. Nikaomba ndege nyingine iliyokuwa juu karibu naye imwite, kwa sababu mara nyingine redio husikika kule isisikike huku. Kimya. Sisi tuna hatua tatu za kutangaza: shaka, tahadhari, na dhiki. Nilizipita zote tatu, moja baada ya nyingine, kwa wakati wake. Meli zilibadilisha njia, ndege za utafutaji zikatumwa zikazunguka hadi zikaitwa zirudi. Hawakupata hata gurudumu. Niliulizwa maswali nikayajibu, na walioniuliza waliridhika kwamba nilifanya kila kinachofanywa. Mimi sikuridhika, lakini sikuwa na kosa la kuungama, na hilo nalo lina uchungu wake.

Ndipo Wairimu, dada ya Mwangi, akanipigia simu. Alisema mama yao amefunga geti kwa mnyororo. Watu wa kanisa wakija kumliwaza anawarudisha. Akina mjomba wanataka ibada ya kumkumbuka, yeye anawauliza wamkumbuke mtu aliyeenda wapi. Kampuni imemwambia mwanawe hajulikani aliko, na serikali imemwambia hivyo hivyo, na kwa hiyo hakuna mtu aliyemwambia kwamba amekufa. "Anasema aje yule mtu wa redio," Wairimu aliniambia. "Ati wewe ndiye ulimsikia wa mwisho. Chenye utasema, hicho atakubali."

Niliomba likizo siku iyo hiyo. Nilienda nikijua kwamba mwanamke mmoja ananingoja nimtamkie neno moja, na kwamba kazi yangu yote imenifundisha nisiseme nisichokijua.

Juu ya maji

Ndege ya kunileta Nairobi ilichelewa kwa mvua, kisha ikachelewa kwa kifaa fulani, kisha kwa sababu ambayo hakuna aliyejisumbua kutueleza. Abiria walinung'unika. Mimi nilikaa kimya, maana nawajua wenzangu wa upande wa pili. Mtu anayekataa kuruhusu ndege iruke kwa kawaida ana sababu.

Jirani yangu wa kiti alikuwa bibi mmoja wa kisiwani aliyekuwa akienda Nairobi kutibiwa macho. Hakujua Kiswahili wala Kiingereza, nami lugha yao naijua ya sokoni tu. Alikuwa na mfuko wa vipande vya shelisheli vilivyokaangwa na chumvi, akawa ananikaribisha kila baada ya muda kidogo. Nilikula nikamshukuru. Ni chakula kizuri, kinafanana na viazi vyetu lakini kinashibisha haraka.

Njia yetu ilipita karibu na ile ya Mwangi. Hakuna tangazo la jambo kama hilo, wala nje hakuna alama. Ni wingu na chini yake rangi ya kijivu. Lakini mimi nilijua saa tuliyoruka na mwendo wetu, na akili yangu hufanya hesabu hizo hata nisipotaka. Nikajua tumefika kituo alichokitaja mara ya mwisho. Nikajua pia lini tumefika kile ambacho hakukitaja. Tulikipita. Mhudumu alikuwa akikusanya vikombe.

Nilikuwa nimeacha kula. Yule bibi alinitazama, akadhani naogopa ndege, akanishika mkono kwa nguvu akaanza kusali kwa sauti ndogo. Ningeweza kumweleza kwa ishara kwamba siogopi. Sikumweleza. Nilimwachia mkono wangu hadi tukaona nchi kavu.

Nairobi hadi Webuye

Nilichukua basi la asubuhi. Tulienda vizuri hadi tukapita Timboroa, na hapo, kwenye ukungu wa baridi, injini ikatoa moshi na dereva akaegesha kando. Utingo alituambia ni kitu kidogo. Abiria wote tulishuka kununua chai, kwa sababu kila mtu amewahi kukisikia hicho kitu kidogo cha utingo na anajua urefu wake.

Kulikuwa na mama akiuza chai ya maziwa na viazi vya kuchoma kando ya barabara. Nilijikuta kwenye benchi moja na mfanyabiashara wa mbegu aliyekuwa akienda Bungoma, mtu mwenye sauti ya kuhutubia. Aliniuliza kazi yangu, nikamjibu, na kumbe nilikuwa nimejitafutia balaa.

"Sasa si wewe unaiona tu kwa skrini?" aliniuliza.

Nilimweleza kwamba sioni. Hakukubali. Alisema simu yake ya mkononi inamwonyesha pikipiki ya kumletea mzigo ikigeuka kona, sembuse ndege nzima. Alisema kwao Kimilili ng'ombe akiibiwa wanafuata nyayo hata akivushwa mto, na kitu hakiwezi kupotea tu. Mimi ni mtu wa hasira fupi kwa wanaokisia, na nilikuwa nimechoka, nikamjibu kwamba basi aende yeye akafuate nyayo baharini. Watu wa benchi walicheka. Yeye hakucheka. Aliniuliza polepole kama nilimjua aliyekuwa kwenye hiyo ndege.

Nikamwambia naenda kwa mamake. Hapo hotuba iliisha. Alikaa akizungusha kikombe, kisha akanishauri nimwambie mama huyo kwamba mtoto yuko hai mahali, kwa sababu mama anaweza kuishi na tumaini miaka na miaka. Mwenye chai, ambaye sikujua kama anasikiliza, alisema bila kuinua macho kwenye jiko kwamba yeye ameishi na tumaini la namna hiyo na hamtakii mtu. Hakusema ni nani aliyempotea. Aliniongezea kiazi na hakukitaja alipohesabu.

Basi lilitengenezwa. Tulifika Webuye maduka yakifungwa, na yule mtu wa mbegu alinibebea begi hadi chini ingawa sikumwomba.

Bokoli

Mnamkumbuka Senge Nasimiyu, dada wa marehemu baba, ambaye ndiye aliyenilea. Bado anaamka kabla ya jogoo na bado haamini kwamba mtu mzima anaweza kushiba. Alinichinjia kuku, akanisongea ugali wa wimbi, akakaa mbele yangu kuhakikisha firigisi inaliwa na anayestahili. Baada ya hapo ndipo aliniuliza nimekuja kwa nini, kwa sababu si mwezi wangu wa likizo.

Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha aliuliza nitambebea nini mama huyo.

Nilisema sukari na majani ya chai.

"Sukari?" alisema. "Mama amekaa na mtoto hana kaburi, wewe unapeleka sukari?"

Ninyi wa kwetu mnajua alichokuwa akiwaza, lakini kwenye grupu kuna wa kwingine, niwaeleze. Mtu wetu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, ukafungwa kama mtu, ukalazwa kaburini, watu wakalia, na boma likatulia. Senge aliwahi kuyaona hayo kwa macho yake. Shemeji yake alipotelea Uganda wakati wa vurugu, na mamake alizunguka miaka akiuliza kila mgeni kama amemwona, hadi wazee walipokata mgomba. Senge alisema siku hiyo yule mama alilala usingizi wake wa kwanza.

Nilimwambia hawa ni watu waliotoka Mkoa wa Kati wakahamia Trans-Nzoia zamani, wana desturi zao, na ni wa kanisa kweli kweli. Alinijibu kwamba na yeye ni wa kanisa, na kwamba hatalazimisha mtu; atafika, atakaa na mama mwenzake, na wakati ukifaa atamweleza. Kwa nini nilikubali? Mnaniuliza kana kwamba mtu hushinda Senge. Ukweli ni kwamba niliogopa kufika kwenye hilo geti peke yangu. Angesema tubebe shamba zima la migomba ningekubali.

Asubuhi alienda shambani na panga. Alizunguka migomba akiigonga kwa kiganja, akachagua mmoja, akaniuliza, "Alikuwa mrefu?"

Nilijua namna alivyokohoa kabla ya kusema. Nilijua alivyovuta maneno akiwa amechoka. Uso wake na kimo chake sikuvijua.

"Alikuwa na sauti nzito," nilisema.

Senge alifikiri kidogo, akaukata mrefu. Akaufunga kwa leso yake mpya, ile ya bluu niliyomletea mimi mwenyewe.

Kupitia Tongaren

Barasa, jirani yetu mfanyabiashara wa mahindi, alikuwa anakwenda Kitale na pikapu yake, ila kwanza alikuwa na mzigo wa kuchukua Tongaren. Alipoona kile tulichobeba hakuuliza. Alivua kofia. Akapanga magunia matupu chini, akaulaza mgomba juu yake, akaufunika kwa turubai, akaendesha taratibu kuliko nilivyowahi kumwona akiendesha.

Lugulu tulipita mbele ya hospitali ya misheni nilikozaliwa. Senge huwa haachi kunionyesha wodi yenyewe kila tukipita, na kusimulia nilivyotoka miguu kwanza. Siku hiyo alipita akiangalia mbele.

Tongaren tulichelewa vibaya. Mizani ilikuwa na foleni, halafu mvua ikanyesha, halafu barabara ya kutoka kwa mkulima ikawa matope na gurudumu likazama. Tulisukuma. Mke wa mkulima alitutolea mahindi ya kuchemsha na chai kwenye birika kubwa, nikala nikiwa na matope hadi magotini. Nilianza kukasirika. Nilimwambia Barasa kwamba kuna mtu anatungoja, na kwamba apakie magunia tuondoke.

Vijana wa kupakia walitaka kutupia magunia juu ya turubai. Barasa aliwazuia. Alisema pale kati pasiguswe. Mmoja alimwambia kwamba gari litabeba nusu tu ya mzigo na atapata hasara.

"Rakini huyo ni mtu," Barasa alisema. "Wekeni kando kando."

Basi tuliondoka Tongaren na nusu ya mahindi, na hasira zangu zikaniishia njiani. Nilikuwa nimempigia mtu huyo kelele, naye alikuwa anamfanyia Mwangi heshima ambayo mimi niliyemfahamu sikuwa nimeifikiria.

Kitale

Mjini ndipo mlipotuona. Barasa alikuwa na mnunuzi anayemngoja, kwa hiyo tulipanda pikipiki mbili hadi kwa akina Mwangi, Senge kwenye moja na mimi na mgomba kwenye nyingine. Ni boma zuri la watu wa ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, lenye ua wa michongoma. Nje ya geti kulikuwa na wanawake watatu wa kanisa wamekaa kwenye majani. Walikuwa wanakuja kila siku, wakifukuzwa wanakaa hapo hapo. Walitutazama tu.

Wairimu alifungua mnyororo, akatuingiza, akaufunga tena. Ni mwanamke wa umri wangu, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Aliona mgomba, akatushukuru sana, akasema hata hivyo tusingejisumbua, kutoka mbali kote huko. Akamwita mfanyakazi aubebe upande wa nyuma. Senge aliniambia kwa sauti ya chini kwamba watoto wa nyumba hii wamelelewa vizuri, wameuelewa mgomba bila kuelezwa. Mimi nilishukuru kwamba jambo hilo limepita bila maneno.

Mama Mwangi alitupokea mlangoni. Alitushika mikono yote miwili, akamwita Senge "dada", akatuketisha mezani. Hakutaka kusikia neno kabla hatujala. Ilikuwa mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, na mchuzi wa mbuzi, na sahani moja ya ziada ilikuwa imefunikwa kwa nyingine pembeni ya meza. Hakuna aliyeigusa. Ukutani kulikuwa na picha ya Mwangi amesimama kando ya gurudumu la ndege, anacheka. Alikuwa mfupi. Mimi na Senge tuliiona picha hiyo wakati mmoja, na Senge akainamisha macho kwenye chakula.

Tulipomaliza, mama alisogeza kiti chake mbele yangu akasema yuko tayari.

Nilimsimulia. Nilimwambia Mwangi alitoa taarifa yake kama kawaida, sauti yake ilikuwa tulivu, alinitajia kituo kinachofuata na saa. Aliniuliza kama alilia. Nikasema hapana. Aliniuliza kama aliomba msaada. Nikasema hapana. Akauliza nini kilifuata, nikamwambia kwamba baada ya hapo sikumsikia tena.

"Kwa hivyo hukumsikia akikufa," alisema.

"Sikusikia, Mama."

Aliuliza kama kuna visiwa upande huo. Nikasema vipo vidogo visivyokaliwa na watu, na vilitafutwa. Aliuliza kama mtu anaweza kuwa kwenye kisiwa na wanaomtafuta wasimwone. Nikasema siwezi kuapa. Akageuka kwa Wairimu na uso wake ulikuwa umechangamka kabisa. Alimwambia aweke chai nyingine, na kesho afue mablanketi ya Mwangi, maana yamekaa sana. Wairimu alinitazama, na sitasahau alivyonitazama. Kila neno nililosema lilikuwa la kweli, na yote pamoja yalikuwa yamemdanganya mamake.

Senge alikuwa ameomba kwenda nje msalani. Msala uko nyuma, ukipita zizi. Ndipo tuliposikia amepiga kelele.

Tulitoka mbio. Mfanyakazi alikuwa na panga mkononi, ameduwaa. Mgomba ulikuwa umekatwakatwa vipande zaidi ya nusu, na ng'ombe walikuwa wanakula kutoka kwenye hori. Leso ya bluu ilitundikwa kwenye ua, imekunjwa vizuri, ili irudishwe kwa wenyewe. Nanyi mnaojua Kitale mmeshaelewa: kiangazi nyasi zikipungua watu wa maziwa huko huwapa ng'ombe migomba, na mgeni akikuletea gogo la mgomba kutoka mbali amekuletea msaada wa maana. Mvua ndiyo kwanza ilikuwa imeanza na nyasi hazijaota. Wairimu alikuwa ameshukuru kwa moyo wote.

Senge alikuwa ameketi chini kwenye tope la zizi na mikono kichwani. Wairimu alimwinamia akimwomba msamaha bila kujua kosa ni lipi. Mama Mwangi alisimama mlangoni pa zizi.

"Kwani analilia chakula ya ng'ombe?" aliniuliza.

Senge alikuwa bado analia, kwa hiyo ilinibidi mimi kujibu. Nilimweleza mgomba ni wa nini kwetu. Nilimweleza tulivyouchagua, tulivyoufunga, na Barasa alivyoacha nusu ya mzigo ili usilaliwe na magunia. Nilitarajia atufukuze, na angetufukuza ningeona amefanya haki.

Ng'ombe mmoja alikuwa bado anatafuna, na Wairimu akamvuta kamba kumwondoa.

"Kwa hivyo mmetoka naye Bokoli mpaka hapa," mama alisema. "Mmembeba."

"Ndiyo, Mama."

"Halafu wewe umekaa kwa meza yangu ukaniambia kuna visiwa." Hakupandisha sauti. "Mimi sikukuita uniambie yenye hujui. Hiyo naambiwa na kila mtu. Niambie yenye unajua."

Najua nini? Nilijiuliza hapo, miguu kwenye tope. Najua kwamba kabla ya kuruka kila rubani hutaja mafuta yake yatampeleka hadi saa ngapi. Saa ya Mwangi niliijua. Ilinipita nikiwa bado namwita, na niliitazama ikipita, na niliendelea kumwita kwa sababu sikutaka kuwa mtu wa kwanza kuacha. Baada ya saa hiyo hakukuwa na ndege hewani. Kulikuwa na maji tu, na watu waliotafuta juu ya maji hayo hawakuona kitu. Hilo nililijua tangu siku ile. Nililijua nilipokuwa nakula mukimo wake.

"Mama," nilisema, "Mwangi amekufa."

Nilisema nikanyamaza. Hata sikukusudia, ni mazoea. Kwenye kazi yetu ukimpa rubani neno huwezi kuhesabu kwamba amelipata hadi alirudie yeye kwa sauti yake, neno kwa neno, nawe unasikiliza. Akilikosea au akiongeza lake, ni juu yako kumsahihisha hapo hapo, kwa sababu kosa likipita hapo hakuna mahali pengine pa kulikamata. Nilimtazama usoni nikangoja. Wairimu alikuwa amejifunika mdomo.

"Mwangi amekufa," Mama alisema. Kisha akaongeza, "Baharini. Hatarudi."

Hayo mawili mimi sikuyasema. Nilisikiliza kama ninavyosikiliza kazini, na hakukuwa na la kusahihisha.

"Ndiyo, Mama. Ni hivyo."

Alivuka tope na viatu vyake vya nyumbani, akamshika Senge chini ya kwapa akamwinua. Akachukua ile leso kwenye ua, akajifunga kichwani. Kisha akamwambia bintiye, "Wairimu, toa mnyororo. Waambie akina mama waingie, tumefiwa."